Kinyonga Alivyomfundisha Kenge Kubadili Rangi

"Masikio yako wapi?"
"Yako wazi!"
"Na midomo?"
"Tumeifunga!"
Basi ifungeni vizuri, maana ngano hii ina kuku ndani yake.

Hapo kale, wanyama na watu walipokuwa bado wanasemezana, watu wa mlimani waliandaa Siku ya Watambaazi. Kila mtambaazi aje uwanjani, ajieleze, afahamike.

Kinyonga akaenda. Nyata, simama. Nyata, simama. Watu walisema ana sumu, ana nuksi, na watoto walimpiga mawe kila walipomwona. Naye alikuwa amefukia mayai thelathini kwenye shamba la mihogo la Mama Kaniki. Wanawe watoke, wapokewe kwa mawe? Hapana, lazima aseme na watu.

Langoni akamkuta Kenge, tumbo linaburuza chini kwa shibe.

"Unakwenda wapi, kijiti wee?"

"Kuwafundisha watu, Kaka Kenge."

"Wafundishe. Ukimaliza, naenda kufukua mayai yako. Nimeshanusa yalipo."

Kinyonga akageuka kijivu kwa hofu. Hata hivyo akapanda jukwaani, akaanza.

"Sina sumu, jamani. Nina ulimi tu."

Chwap! Nzi hayupo. Watu wakacheka, wakasogea.

"Na hizo rangi?" akauliza Mama Kaniki, tenga la kuku likiwa miguuni pake.

"Nikiogopa, hubadilika. Nikifurahi, hubadilika." Kinyonga akamwona Kenge anavyolikodolea macho lile tenga. "Hata Kaka Kenge anaweza kujifunza. Akibadilika, hakuna atakayemwona."

Mate yakamdondoka Kenge. "Nifundishe! Sasa hivi!"

"Fumba macho. Sema: mimi jani."

"Mimi jani, mimi jani, mimi jani..."

Jicho moja la Kinyonga likabaki kwa Kenge. La pili likamkonyeza Mama Kaniki. Mama akaelewa.

"Jamani, Kenge kaenda wapi?"

"Hatumwoni!" wakaitikia wenzake.

"Mkia umepotea!"

"Na tumbo lote lile!"

Kenge akafumbua macho, akatembea kwa maringo hadi kwenye tenga, akaingiza kichwa.

Pwaa! Ufagio huo.

"Kumbe ni wewe unayenimalizia kuku!"

Pwaa! Pwaa!

Kenge akatimua mbio, akavuka mto, akihama kabisa huku analia: "Mmenionaje? Mmenionaje?"

Mama Kaniki akanyoosha mkono. Hakuwahi kumgusa kinyonga maishani mwake. Kinyonga akapanda kiganjani.

"Ahsante, mwanangu. Umeniokolea kuku wangu."

"Ahsante wewe, mama. Mimi nilizoea mawe. Leo nimepata mkono."

Akageuka kijani kibichi, kisha manjano, kisha buluu ambayo pale uwanjani hakuna aliyewahi kuiona. Watu wakatazama. Mama Kaniki akambeba taratibu hadi shambani, watoto wakifuata nyuma, kila mmoja akiomba, "Mama, na mimi nimshike! Kidogo tu!"

Funzo, wanangu: mkimwona mwalimu, kimbieni. Kenge alisoma somo moja tu, na mgongo unamuuma hadi leo.

Ngano imeondoka, sisi tumebaki. Fungueni midomo, mkaisimulie kwenu.