Bunduki ya Mwaka 1908

Huko Soni paliondokea fundi wa bunduki, Singano, mtu wa maneno mengi. Kila jioni kijiweni aliisifia bunduki yake ya Kijerumani, yenye mitutu miwili. "Ya mwaka 1908 hii! Si mnaona imechorwa hapa ubavuni?"

Majisifu yakamponza. Tajiri Hoza alimshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji, Mama Shemhilu.

"Ni ya babu yangu," alisema Hoza. "Mjerumani alimzawadia ikiwa mpya, mwaka 1908. Babu yake fundi akaiiba."

"Isije ikawa baada ya Vita ya Kwanza, bosi?" Singano aliuliza kwa unyonge. "Mimi kichwa changu kibovu."

"Nimesema 1908, naapa! Babu alifariki 1914 akiililia!"

Mama Shemhilu akaandika yote. "Fundi, una la kusema?"

"Dogo tu, mama. Hiyo 1908 si mwaka, ni namba ya bunduki, kama pikipiki zilivyo na namba." Akaichomoa mitutu, akaigeuza. Chini yake, mahali wakaguzi wa Ujerumani walipogonga mihuri yao bunduki ilipotengenezwa, palisomeka 7.26. "Mwezi wa saba, mwaka 1926."

"Kwa hiyo marehemu aliililia bunduki ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa?" aliuliza Mama Shemhilu.

Hoza alibisha. "Lakini Soni nzima inajua ni ya 1908!"

"Imejua kutoka kwangu," alisema Singano. "Fundi mzima, sikuwahi kutazama chini ya mitutu mpaka juzi. Ujinga huo nimeubeba peke yangu miaka ishirini, bosi. Ahsante kwa kuja kunipokea."