Nguo Iliyogeuka Buluu Kivulini

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Rumaysa. Aliwalea binti zake watatu kwa kazi ya kutia nguo rangi ya nili. Mtungi wake mkubwa ulikuwa katika chumba kilichoezekwa, nyuma ya nyumba, mahali jua lisipofika.

Nguo nyeupe ilizama mtungini, ikatoka kijani kama jani changa. Kisha, kabla mtu hajamaliza kusoma Alhamdu mara mbili, ikageuka buluu yenyewe. Kila ilipogeuka, Rumaysa aliacha kazi akasema, “Subhanallah!”

Jirani yake Atika, aliyemsaidia kukamua nguo, alimcheka. “Miaka ishirini, mwenzangu, na bado unakodoa macho kama bibi harusi aliyeonyeshwa dhahabu!”

“Nifanyeje, dada? Nimeshindwa kuizoea.”

Siku moja ya Ijumaa alikwenda kwenye darasa la Sheikh Ghaylan, mwalimu wa falsafa, ambaye watu walimwita Bahari ya Hekima. Wanawake walikaa nyuma ya pazia jepesi. Ulipofika wakati wa maswali, Rumaysa akauliza kwa adabu ni kitu gani kinachoigeuza nguo ya nili rangi, ilhali hakuna mkono ulioigusa.

Sheikh hakuwa amepata kuiona nguo ikitiwa nili. Lakini watu walikuwa wakimtazama. Akasema, “Ni jua. Miale yake huipika rangi ikaiva.”

Watu wakasema, “Mashallah!” Rumaysa alijua kwamba sivyo. Hata hivyo, kupitia pazia aliuona mkono wa mzee ukitetemeka juu ya kitabu, akamwonea huruma. Akasema tu, “Mwenyezi Mungu akuzidishie, sheikh wetu.”

Haikupita wiki, maneno yale yakafika sokoni. Wanunuzi wakauliza, “Imetiwa rangi juani au ndani?” Wakiambiwa ndani, waliirudisha. Mwishowe msimamizi wa soko akakataza nguo za kivulini zisiuzwe, kwa kuwa eti rangi yake haikuiva. Nguo za Rumaysa zikarundikana nyumbani, na unga ukabaki wa siku mbili.

Atika akawaka. “Nenda ukamuumbue mbele ya wanafunzi wake!”

“Nitamwambia,” akajibu Rumaysa, “lakini si mbele ya watu.”

Wakaenda pamoja hadi mlangoni kwa sheikh. Rumaysa akasema, “Baba, sikuja kubishana. Nakuomba uje utazame tu.”

Sheikh akaja. Rumaysa akafunga dirisha, kikabaki chumba cha mwanga hafifu. Akaitoa nguo mtungini, kijani. Mbele ya macho ya mzee ikaanza kugeuka buluu pembeni, ikaenea, ila ndani ya mikunjo ikabaki kijani. Sheikh akaukunjua mkunjo mmoja kwa kidole. Nao ukageuka.

“Tena,” akasema. Rumaysa akazamisha nyingine. “Tena, mwanangu.”

Mara ya tatu akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. “Humu hamna jua.”

“Hamna, baba.”

“Na siku ile ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona ulininyamazia?”

“Niliuona mkono wako ukitetemeka, nikamkumbuka marehemu baba yangu.”

Sheikh akainamisha kichwa kwa haya, kisha akauliza, “Basi ni nini kinachoigeuza?”

“Sijui. Ndiyo maana nilikuja kwako.”

“Na mimi sijui,” akasema mzee. Alikuwa hajalitamka neno hilo kwa miaka mingi, na Atika aliapa kwamba uso wake ulinawiri.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya watu, kidole chake kikiwa bado na buluu. “Nilijibu nisilolijua kwa kuyaogopa macho yenu, nikamkatia mjane riziki yake. Nguo zake ni njema. Ziuzwe.”

Mwanafunzi mmoja akasema kwa kejeli, “Kama hata wewe hujui, sheikh, mwanafalsafa ni nani basi?”

Akakiinua kile kidole. “Falsafa huanza pale mtu anaposhangaa na kukiri kwamba hajui. Mama yule husimama hapo kila asubuhi. Mimi nilipapita zamani, nikadhani nimefika.”

Wengine walicheka wakaondoka, na jina la Bahari ya Hekima likakoma. Lakini nguo za Rumaysa zilinunuliwa, na kila Jumatatu sheikh alikuja kukaa kizingitini na wanafunzi wachache waliobaki, wakitazama.

“Yarabi,” akasema Atika, “nilikuwa na mkodoa macho mmoja, sasa ninao saba!”

Ndugu zangu, watoto wetu hutuuliza mengi tukiwa tumechoka, mikono ikiwa na kazi. Tusiwape jibu la uongo ili wanyamaze. Tuseme, “Sijui, mwanangu, njoo tutazame.” Huenda Mola akatuandika pamoja na yule mzee aliyeona haya, kisha akasema kweli.