Gego la Jumbe Lastaafishwa kwa Heshima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa shavu la Jumbe: asubuhi limau, jioni fenesi.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake halikuhusu, aliishi Bi Kidawa, mkeneka mafuta. Chungu motoni, mvuke juu, tone chini: to, to, to. Mchaichai wa kukandia miguu, mkaratusi wa kufukizia mafua, karafuu ya jino. Kila aliyepewa kichupa alipewa na maneno: "Haya yanatuliza tu. Na usiyanywe, mjukuu wangu. Wewe si taa."

Siku moja Jumbe Mwinyikondo akaumwa gego. Pwi, pwi, pwi. Bi Kidawa akachovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, akaligusisha. Maumivu yakanyamaza.

"Sasa tuling'oe," akasema. "Limeoza."

"Ling'olewe kwa kosa gani? Limepona."

Jumbe akamwita karani. Karani akaandika: jino la Jumbe limepona. Muhuri ukashuka, ndu!

Siku ya tatu shavu likavimba. Baraza likakaa, likaujadili uvimbe hadi adhuhuri, likaamua kwa kauli moja kwamba haupo. Siku ya tano jicho likafumba. Baraza likaamua kwamba Jumbe anawakonyeza raia wake kwa mapenzi. Siku ya sita homa ikapanda, uji haupiti. Mke wa Jumbe akamkimbilia Bi Kidawa.

"Bibi, atakufa?"

"Sumu ikishuka shingoni, atakufa. Akiwa na hati safi kabisa."

Wakaenda. Jumbe akanyoosha mkono. "Lete mafuta. Chupa nzima."

"Mafuta hayafiki huko, mwanangu. Jino litoke."

"Amri imeshasema limepona. Nitaubishia muhuri wangu mwenyewe?"

Bi Kidawa akamtazama, akamgeukia karani.

"Karani, mtumishi wa Jumbe akitumika miaka arobaini, naye ni mzima, mnamfanyaje?"

"Tunamstaafisha, bibi. Kwa heshima."

"Na asipotaka kuondoka?"

"Tunamsaidia."

"Basi andika."

Karani akamtazama Jumbe. Jumbe, kwa jicho lililobaki, akakubali. Hati ikasomwa: gego la kushoto, baada ya utumishi uliotukuka, linaruhusiwa kwenda kupumzika. Bi Kidawa akatia koleo. Kwi, kwi, kwi... ng'o! Usaha ukamwagika. Akamsukutulisha maji ya chumvi. Kesho yake homa ikashuka, Jumbe akaomba uji, akaomba tena.

Baraza likalisindikiza gego kwa ngoma. Wazee watatu wakahutubia. Mmoja alilia, akasema walianza kazi pamoja.

Wenzangu, wekeni karafuu nyumbani. Lakini maumivu yakinyamaza, tumieni ule utulivu kwenda kutibiwa, msiutumie kuandika hati. Bi Kidawa hakuwahi kumtuliza mgonjwa akamwambia amepona, ndiyo maana yeye tunamtaja kwa jina, na baraza tunaliita baraza.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa chini, na mimi sina koleo la kuiinua.