Mwimbaji wa Nusu Sauti

Palikuwa na mtu mmoja wa Tukuyu aliyejaliwa sauti kubwa, na sauti hiyo ilimnyima raha.

Aliitwa Ambakisye. Katika kwaya ya kanisa lao sauti yake haikukaa kwenye sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, wala haikushuka mpaka ya nne, ile ya chini kabisa. Ilikuwa ya katikati, pana na nzito, ile wajuzi wanayoiita baritoni. Wageni walioisikia walimpeleka Ulaya kusoma, naye akawa mwimbaji wa opera, ile michezo ya kuigiza ambayo watu hawasemi, bali huimba tangu mwanzo hadi mwisho. Huko hakuna kipaza sauti. Mtu husimama mbele ya wapiga muziki sitini, na aliyeketi kiti cha nyuma kabisa lazima amsikie. Kati ya opera moja na nyingine aliimba mashairi, yeye na mpiga piano peke yao. Kwa miaka kumi na miwili alipewa kuwa baba wa bibi harusi, au adui, au daktari anayeleta habari mbaya, maana katika michezo hiyo anayependwa ni mwenye sauti ya juu. Alipotimiza miaka arobaini na mmoja akapewa alichokingoja maisha yake yote, yaani kuwa mfalme. Akaja nyumbani wiki tatu apumzike kwanza.

Hakupumzika. Kila asubuhi, kabla hata ya kumwamkia mkewe, aliguna kidogo ajue kama sauti bado ipo. Aliogopa vumbi, akaogopa moshi wa jikoni, akaogopa maji ya mtungini kwa kuwa ni baridi. Gitaa likikatika uzi utanunua mwingine, alisema, lakini koo halina spea. Na kweli, halina.

Waimbaji wa opera wana desturi yao. Siku za mazoezi hawaitoi sauti yote. Huimba kwa chini chini, sehemu za juu wakizigusa tu na kuziacha, ili koo lisichoke kabla ya siku yenyewe. Ni nusu sauti. Si uvivu, ni busara, na kiongozi wa muziki mwenyewe huwaruhusu. Kosa la Ambakisye ni kwamba alitoka na desturi hiyo kwenye mazoezi akaingia nayo nyumbani kwake. Akiba haiozi, alijiambia, akajiwekea akiba kila mahali. Alicheka kwa mabega tu, bila mlio. Mkewe, Subilaga, alipokasirika na kusema yake yote, alijibiwa kwa karatasi. Wazee wa kanisa walimjia wakamwambia mcheza kwao hutunzwa, basi aimbe Jumapili. Hakuweza kukataa, akaimba nusu sauti, kwa adabu. Watu walirudi makwao wakitazamana. Kumbe ndiyo hiyo?

Alikuwa na binti mmoja, Tupokigwe, wa miaka sita. Mtoto huyu alikua baba yake akiwa mbali, akimjua kwa simu na picha. Sasa alikuwa naye, akimfuata kila aendako, akimwomba amwimbie. Baba alimwahidi kwamba atamwimbia akishamaliza ufalme.

Jumamosi moja walikwenda sokoni kununua viazi, baba na binti, wameshikana mikono. Mvua nyepesi ikaanza, kama kawaida ya huko. Ambakisye aliihisi shingoni, akaiogopea sauti yake. Akauachia mkono wa mtoto ili aikaze skafu yake vizuri.

Haikuchukua muda. Alipoinua macho, mtoto alikuwa hatua ishirini mbele, amechuchumaa nyuma ya lori la ndizi, akimchombeza kifaranga aliyejificha chini ya lori hilo. Na lori likaanza kurudi nyuma.

Baba akaita. Pumzi ilishuka mpaka tumboni kama alivyofundishwa, kinywa kikafunguka, na kilichotoka kilikuwa nusu sauti. Akaita tena, ikatoka ile ile, laini, ya tahadhari, ikafia kwenye kelele za soko. Mwili ulitii kile ulichozoezwa kila siku, na haukujua kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Akakimbia, akateleza kwenye tope, akaanguka. Akiwa pale chini aliliona tairi likimwendea mtoto wake, na hofu iliyompata sitaki impate mtu yeyote.

Aliyeita ni mama mmoja muuza ndizi, sauti yake imepasuka kwa miaka mingi ya kunadi.

"Wee mtoto, toka hapo nyuma! Dereva, simama, utaua!"

Soko zima liligeuka. Mtoto aliruka, dereva akakanyaga breki, na tairi likasimama juu ya kandambili moja nyekundu iliyobaki kwenye tope.

Ambakisye aliinuka, akamkumbatia binti yake, matope mwili mzima. Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake kwa mshangao, kama mtu anayetaka kujua tu, akamuuliza:

"Baba, mbona hukuniita?"

Angeweza kumjibu kwamba alimwita, tena mara mbili, na asingesema uongo.  Alilia pale pale sokoni mbele za watu, na aibu ikamshika, kwa sababu alijua kwamba mwenye sauti ya kujaza ukumbi wa watu elfu mbili ameshindwa kuvuka nayo hatua ishirini, na aliyemwokolea mwanawe ni mtu ambaye hakuwahi kuibania yake hata siku moja.

Wiki iliyofuata alisafiri kama ilivyopangwa, akauimba ufalme wake. Wanasema ukumbi wote ulisimama kumpigia makofi. Siwezi kubisha, sikuwapo. Lakini wewe unayenisikiliza, hao unaoishi nao nyumba moja wamewahi kuisikia sauti yako yote, au wao ni watu wa mazoezi tu?