Nyati Aliyemngoja Mkewe Majini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kulima kama sisi, Nyati aliishi peke yake bondeni. Mkewe, Mwaheri, alikuwa amekwenda mlimani kumuuguza mama yake. Nyati alimkumbuka kila kukicha. Akajiapiza, "Akirudi, atakuta shamba zima limelimwa!"

Basi ukaja msimu wa fukuto. Upepo ukakata. Jasho halikauki hata kivulini. Ngiri alianguka shambani kwake adhuhuri, puu! Hakuinuka tena.

Nyati naye alilima kwenye jua la utosi, bila hata tone la maji. Twa! Twa! Twa!

Jirani yake, Kindi, akamwita kutoka mtini. "Kaka Nyati, pumzika! Mbona unayumba?"

"Niache! Mimi si Ngiri. Nikikaa kitako namuwaza mke wangu. Afadhali jembe."

Kindi akaona ushauri hauingii. Akashuka mbio, pururu!

"Lo! Nusura nisahau salamu zako! Mwaheri yuko njiani, atapita kivukoni mchana huu. Amesema umngoje majini, pale chini ya mkuyu. Tena unywe maji ushibe, usije ukampokea kwa sauti iliyokauka."

"Mwaheri?"

Jembe likamponyoka. Nyati akakimbilia mtoni, akajitosa, chubwi! Akanywa, akanywa. Kizunguzungu kikamtoka, kichwa kikaacha kugonga. Macho yake yakabaki njiani mpaka jua likapoa.

Mwaheri hakutokea.

"Huenda mvua imemzuia huko juu," alisema Kindi. "Jaribu kesho."

Ikawa hivyo. Nyati akalima alfajiri na jioni, na kila adhuhuri akaketi majini kivulini, akimngoja. Kila sauti ya kwato ilimshtua moyo.

Mwishowe mvua ikashuka na ubaridi ukaingia. Nyati akamkazia Kindi macho.

"Mke wangu hakutuma salamu zozote. Sivyo?"

Kindi akajikunyata. "Hakutuma, kaka. Nilikudanganya. Niliogopa akirudi, niwe mimi wa kumwonyesha kaburi lako."

 Nyati akautazama mlima, kilele chake kimefunikwa na mawingu.

"Nilianza kushuku zamani," akasema polepole. "Lakini kule majini nilimhisi karibu. Fukuto likirudi, nitakwenda tena. Akija, anikute hai."

Wanangu, umpendaye akiwa mbali, mtunzie kwanza uhai wako.