Mshika Mkia wa Namba Kumi na Saba

Wahenga hawakuwa madaktari, lakini kuhusu ngozi ya binadamu walijua jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui mpaka leo: kovu ni kifuniko tu. Juu pamekauka, pamelainika, hata panang'aa. Chini yake hakuna aliyechungulia. Aliyekukanyaga hupenda kulitazama kovu lako na kusema, "Umeshapona." Aliyekanyagwa humsikii akisema hivyo. Ndiyo maana wakatuachia onyo kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Asiyeamini na amsikilize Fundi Sindano.

Jina hilo alilipata kwa ajili ya bomba la sindano. Alikuwa akiunda ndege za kivita za mfano, tena si vidude vya kuchezea watoto. Zilikuwa na mbawa ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, zikiendeshwa kwa rimoti na injini ya petroli iliyong'olewa kwenye msumeno wa kukatia miti. Ndege ya kweli imeshonwa kwa ribiti za chuma. Yeye alijaza gundi nyeupe kwenye bomba la sindano, akadondosha tone moja moja juu ya ubavu wa mbao, kwa rula, akasubiri kila tone likauke liwe kichwa kidogo cha msumari. Kisha akapiga rangi ya kijivu. Ukisimama hatua tatu kutoka hapo, ungeapa ni chuma.

Ndege ya safari hii ilikuwa imemla miaka minne na matone elfu kumi na moja. Mwenye ndege alikuwa Kapteni, mkuu wake wa zamani jeshini, ambaye sasa ni mwenyekiti wa klabu ya warusha ndege. Mkono wa Fundi ulijenga, mdomo wa Kapteni ukasema "ndege yangu". Hilo si geni. Mwashi naye hulala nje ya majumba aliyoyajenga.

Siku tano kabla ya maonyesho makubwa ya klabu, Kapteni aliingia karakana akiwa na kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa tarakimu mbili.

"Sindano, bado namba tu. Piga hii ubavuni, pande zote mbili."

Fundi aliitazama karatasi. Moja na saba. Brashi ilimganda mkononi.

"Mkuu, namba ziko nyingi."

"Ziko nyingi, ila hii ndiyo yetu. Au bado unatafuna mambo ya zamani?"

"Nilishayameza, mkuu. Yamekwama tu."

Kapteni akacheka, akampiga bega. Alikuwa mcheshi, na ucheshi wa mkubwa ni kama mvua ya mawe: usipokimbia, sharti useme umependeza.

Kumi na saba ilikuwa namba ya ndege ya kweli. Miaka ishirini na sita nyuma Kapteni alikuwa mkuu wa zamu katika karakana ya jeshi, na Fundi pamoja na mdogo wake walikuwa mafundi chini yake. Siku hiyo ndege ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, na mdogo mtu alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya tundu ambamo gurudumu hujikunja. Sheria ya karakana ilikuwa fupi: aliyeketi kwenye usukani hagusi kitu mpaka aliye nje amjibu "sawa". Lakini wageni wakubwa walikuwa njiani kuja kukagua. Kapteni akaketi kwenye usukani, akauliza, "Sawa?" Fundi akajibu, "Bado." Akarudia kwa sauti ya kupasua koo, "Bado." Kapteni akatazama saa yake, akavuta mkono wa kukunjia magurudumu.

Baada ya siku tatu ikatoka barua. Sababu ya ajali: uzembe wa marehemu. Chini yake zilikuwapo saini mbili, ya mkuu wa zamu na ya shahidi. Shahidi alikuwa kaka mtu. Aliambiwa atie saini au avue sare, na nyumbani kulikuwa na mama mjane asiye na mwingine wa kumlisha. Akatia. Barua ile akampelekea Mama, ambaye hajui kusoma, akamwambia ni ya rambirambi. Mama akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kibweta cha miwani yake. Imo humo hadi leo.

Kwa hiyo kiu ya Fundi Sindano ilikuwa moja tu. Alitaka Kapteni aseme, mbele ya watu, maneno matano: yule kijana hakuwa na kosa. Ndiyo maana alimjengea ndege baada ya ndege, akala naye, akacheka vichekesho vyake. Alikuwa akingoja kama paka aliyekaa mlangoni pa tundu, asiyejua kama panya bado yumo.

"Nitaipiga namba," alisema. "Lakini nawe uliseme lile neno. Mama ana miaka themanini na nane."

Kapteni akakuna kidevu. "Jumamosi nitakuwa na kipaza sauti mkononi. Mlete bimkubwa, mpe kiti cha mbele. Nitalisema."

Fundi akapiga ile namba. Usiku huo Mama alimsikia akiimba bafuni, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa miaka.

Jumamosi uwanja ulifurika. Ndege zilipangwa kwenye nyasi, nyuma ya wavu wa kuwakinga watazamaji, na harufu ya petroli ilitanda kama uvumba. Mama, aliyeambiwa tu kwamba Kapteni atasema neno kuhusu marehemu mwanawe, aliketi mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, kibweta cha miwani mapajani. Kapteni, ili kupasha vidole moto, alikwishaanza asubuhi kwa kurusha kindege chake kidogo chekundu, kwa rimoti ile ile ya ndege kubwa.

Na hapa msomaji aelewe jambo moja la kazi hii. Rimoti moja huendesha ndege nyingi, na kila ndege ina namba yake katika kumbukumbu ya rimoti. Kindege chekundu kilikuwa namba nne, ndege kubwa namba saba. Mitambo ya ndege hizo mbili ilifungwa kwa kupingana. Ukiirusha moja kwa kumbukumbu ya nyingine, ukiiambia kulia inainamia kushoto. Kwa sababu hiyo klabu ilikuwa na desturi isiyovunjwa. Kabla ndege kubwa haijaachiwa, mtu mmoja hupiga magoti nyuma, akaukamata mkia huku injini ikinguruma, akatazama vibawa vya nyuma ya mbawa vikipanda na kushuka. Huyo ndiye mshika mkia. Rubani huuliza kwa mdomo, mshika mkia hujibu kwa macho yake, na bila "sawa" yake ndege haiondoki. Desturi hiyo aliileta Fundi Sindano mwenyewe, kutoka karakana ya zamani. Kapteni aliipenda, akaiita "nidhamu yetu ya jeshi".

Kapteni akashika kipaza sauti. Alisimulia anga, mawingu, ujasiri. Watu wakapiga makofi. Kisha akaelekeza kidole kwenye ndege ya kijivu.

"Namba hii, kumi na saba, ni ya ndege niliyoitunza miaka kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo tulipata ajali moja tu. Kijana mmoja alikosa umakini." Akainamisha kichwa, kama mtu mwenye huruma nyingi. "Tumsamehe. Ujana ni moshi."

Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mama, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akamvuta mwanawe shati.

"Amesema?"

"Bado, Mama."

Fundi alimkuta Kapteni kando ya njia ya kurukia, akivaa mkanda wa rimoti shingoni.

"Mkuu. Umesema nini pale?"

"Sindano, pale pana wageni. Ungetaka nisimame nijipake tope mbele yao?" Akashusha sauti, ikawa ya kindugu. "Wewe ni mtu mzima. Marehemu hasomi magazeti. Halafu, tusidanganyane, wewe ulishapoa zamani. Mtu ambaye hajapoa angenijengea ndege hii?"

Fundi akampa mgongo. Alikwenda akapiga magoti nyuma ya namba kumi na saba, akaushika mkia. Injini ikawaka. Pangaboi likawa duara la hewa, nyasi zikalala, na ndege nzima ikatetemeka mikononi mwake kama mnyama anayetaka kukimbia. Mbele ya macho yake, tone kwa tone, zilipangana ribiti za miaka minne.

"Kulia," Kapteni aliita, akisukuma kijiti cha rimoti.

Kibawa cha kulia, kilichopaswa kupanda, kikashuka.

Fundi akakiona. Hakuna aliyekijua kibawa kile kuliko yeye. Bawaba zake alizikata kwa mkono. Akajua pale pale kwamba rimoti bado iko kwenye namba nne. Neno lilikuwa moja, dogo, la silabi mbili, nalo lilikwishafika kwenye ulimi. Bado. Alikuwa amelipiga kelele wakati mmoja mpaka koo likatoka damu, na aliyekuwa kwenye usukani akatazama saa.

"Sawa?" Kapteni aliuliza.

"Sawa," akasema Fundi Sindano.

"Kushoto. Sawa?"

"Sawa."

Akauachia mkia.

Namba kumi na saba ilikimbia vizuri, ikanyanyua mkia, ikaacha ardhi. Nguvu ya pangaboi ikaiinamisha kidogo kushoto, kama ilivyo kawaida ya ndege za namna ile. Kapteni akairekebisha kulia. Ikazidi kushoto. Akasukuma kulia kwa nguvu zote, na kadiri alivyoiokoa ndivyo alivyoiua. Ncha ya ubawa ikagusa ardhi, ndege ikapiduka mara mbili, petroli ikashika moto. Kazi ya miaka minne ilichukua muda wa kupiga chafya. Hakuna aliyejeruhiwa. Watu walisimama nyuma ya wavu, na gundi nyeupe ikaungua kwa harufu ya maziwa yaliyomwagika jikoni.

Kapteni alisimama na rimoti. Alitazama kioo kidogo cha rimoti. Namba nne. Kisha akamtazama Fundi, na katika uso ule mpana likapita jambo ambalo halikuwa limewahi kupita humo.

"Ulikuwa umeona."

"Niliona, mkuu. Na siku ile wewe ulisikia."

Katibu wa klabu, mtu wa karatasi, akaja na daftari la ajali. Desturi ni kwamba sababu huandikwa na mshika mkia, kwa kuwa ndiye shahidi wa mwisho. Fundi akaishika kalamu. Hakufikiri muda mrefu. Maneno yalikuwa yamemngoja miaka ishirini na sita. *Uzembe wa rubani.* Akatia saini. Kapteni akapewa daftari naye atie yake, mbele ya wageni wale wale. Rimoti ilikuwa shingoni mwake na namba nne kwenye kioo, angekana nini? Akatia.

Fundi alimrudia Mama akidhani atakuwa mwepesi. Hakuwa. Kifua chake kilikuwa kama chumba kilichohamwa. Akachuchumaa kando ya kiti.

"Mama, twende."

"Kimeungua nini?"

"Ndege yake."

"Uliyoijenga wewe." Mama alikuwa akitazama moshi. "Na kwenye lile daftari umeandika nini?"

"Uzembe wa rubani."

"Na ndivyo ilivyokuwa?"

Mama akafungua kibweta cha miwani. Akaitoa ile barua, akaikunjua mikunjo minne iliyokwisha kuwa laini kama kitambaa, akaweka kidole pembeni chini, juu ya saini ya pili.

"Hujui kusoma, Mama," akasema Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Sijui. Ila mkono huu niliufundisha kushika kijiko. Mchoro wake naujua. Nilimpa jirani anisomee wiki ile ile uliyoileta. Nikasema atakuja kuniambia mwenyewe. Nikakupikia, nikakufulia, nikakungoja uje uniambie." Akaikunja barua upya, taratibu, mkunjo kwa mkunjo. "Sasa zimekuwa karatasi mbili, na zote mbili zina saini yako."

"Mama, nisamehe. Nilidhani yamekwisha. Kila siku tunacheka wote."

"Tunacheka, ndiyo," Mama akasema. Akafunga kibweta, akainuka bila kuushika mkono alionyooshewa, akatangulia peke yake kuelekea getini.

Fundi Sindano alibaki amechuchumaa kando ya kiti kitupu. Upande wa pili wa uwanja Kapteni alikuwa ameketi kwenye nyasi, rimoti ingali shingoni. Miaka ishirini na sita Kapteni alikula sahani moja na mtu ambaye yeye alimkanyaga, na Fundi alikula sahani moja na mama ambaye yeye alimdanganya, na kila mmoja alilitazama kovu la mwenzake akaliona limekauka. Kapteni alilipata jibu lake kwa moto, Fundi akalipata kwa mgongo wa mama yake ukienda zake. Walioumiza wasijipe cheti cha daktari: mwenye kovu usidhani kapoa.