Kitambaa cha Bi Mashavu

Hapo zamani, tena si zamani sana maana aibu yake haijapoa, palikuwa na maabara yenye mashine ya kuzungusha chupa. Ndani ya chupa, bakteria. Mashine huzunguka polepole, haikomi, ili bakteria wasitue chini. Waishi kama wako juu angani, ambako kitu hakina uzito. Watu walitaka kujua: wakiishi hivyo siku kumi, dawa itawaweza?

Tunu, mwanafunzi, ndiye aliyewalisha. Kila asubuhi aliwasalimia, "Hamjambo huko juu?"

Siku ya tisa jioni, wageni wa kuja kuona matokeo wakiwa njiani, Bi Mashavu mfagizi akaona mashine iko uchi. Kwake hata redio ina kitambaa! Akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akaenda zake. Kitambaa kikavutwa ndani, mashine ikakwama.

Asubuhi Kirobo, fundi wa maabara, akaikuta imesimama. Kuilinda ilikuwa kazi yake. Akakata kitambaa, akakitia mfukoni, akaiwasha, akaandika daftarini: "Imezunguka bila kukoma."

Daktari Nasra, mkuu wao, akainua chupa. Bakteria wametua chini kama wanga. Akajua mashine ilisimama. Lakini wageni wako mlangoni, na aibu ya mashine ingemwangukia yeye.

"Tunu, umewaharibu kwa chakula kibovu. Kusanya vitu vyako."

"Daktari, naapa, nimepima kama ulivyonifunza!"

Bi Mashavu akauona upindo wa kitambaa mfukoni mwa Kirobo, akaelewa, akaogopea kibarua chake. Tunu akawatazama wote watatu. Wote watatu wakatazama sakafu. Akaondoka, na masomo yake yakaishia hapo.

Mwaka ukapita. Watatu wale wakakutana kwenye chai, aibu imewakaba.

"Mimi ndiye niliyeikwamisha," akasema Bi Mashavu. "Lakini nilipoifunika sikujua, wanangu. Nyinyi mlijua."

"Mimi nilidanganya," akasema Kirobo. "Lakini nilidanganya daftari tu, mama. Sikumtaja mtu."

"Mimi nilimtaja," akasema Daktari. "Lakini mngefungua midomo yenu, ningemrudisha siku ileile."

"Ungemrudisha?" akauliza Bi Mashavu.

Mbona mnanitazama hivyo? Ndiyo, Kirobo ni mimi. Kitambaa hiki hapa, bado nakibeba, na naona haya. Kesho tunakwenda kwao Tunu, sote watatu, na hakuna anayetaka kutangulia.

Basi nisaidieni. Mlangoni kwa binti yule, nani anastahili kuwa wa kwanza kubisha hodi?